Maziwa ya Malisho ya Juu

Marrakech, Jumanne, 11 Mei 1993

Kwa mdogo wangu Tuda, kijijini Tamzrit, juu ya Setti Fatma

Tuda,

Mkono unaoandika ni wa Lalla Ghizlan, binti wa nyumba hii, kama kawaida yetu. Mimi namenya maharage, yeye anaandika. Karatasi ikinuka maganda usishangae. Amesema hilo hataliandika, kisha nikamwona anacheka na kuliandika.

Nina habari. Mama yake, Lalla Nuzha, amepanga matembezi ya siku moja, na wanakuja huko kwetu. Tutatoka hapa mapema na gari la bwana wa nyumba, Si Anwar, kabla jua halijawa kali. Tutasimama njiani kwenye vijiji vile vya wafinyanzi, Lalla anunue chungu. Mchana tutakula Setti Fatma, kwenye zile meza zinazowekwa ndani ya mto, watu wanakula huku miguu imelowa. Halafu watapanda kwenye maporomoko ya maji, lile la kwanza tu, maana Lalla Ghizlan ni mjamzito na daktari amemkataza mawe. Yeye atabaki chini na mimi nitabaki naye. Baada ya hapo Lalla Nuzha anataka kuona nyumba ya udongo ya watu wa milimani, anywe chai humo. Nimemwambia nyumba ya mdogo wangu ipo.

Yamna ana miaka mingapi sasa? Amekuwa mrefu? Macho yake ni mazima? Anaamka mapema au ni wa kuvutwa blanketi? Lalla Nuzha anapenda watoto na angefurahi kumwona.

Tuandikie siku itakayokufaa, tunafikiria mwisho wa Juni.

Dada yako, Ijja

Mimi Ghizlan naongeza: dada yako anaongea sana, nimefupisha.


Tamzrit, 22 Mei 1993

Dada Ijja,

Bla'id wa teksi aliniletea barua yako Jumatatu, siku ya soko, pamoja na sukari. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikairudia nikiwa namnyonyesha Bihi, halafu mama mkwe akataka nimsomee kwa sauti. Kila nikifika penye "gari" anasema, "Ijja wetu, ndani ya gari." Sasa kijiji kizima kinajua.

Waje. Lakini mwambie Lalla Nuzha asivae viatu vya visigino. Kutoka mtoni hadi kwetu ni mawe matupu, na daraja letu ni lile lile la magogo. Wakifika Setti Fatma wasikae kwenye meza za mwanzo, huko chungu cha tajini ni viazi na jina la kuku tu. Waende za mwisho, kwa yule mwenye sharubu aliyekuwa akitupa cheri zilizopasuka tulipokuwa wadogo. Bado ana sharubu. Kwenye maporomoko watakuja vijana wengi kutaka kumshika Si Anwar mkono wamwongoze. Achague mmoja, wengine wataondoka wenyewe.

Hapa kwangu kutakuwa na mkate, asali, chai na siagi. Siagi ya sasa usiitarajie. Ng'ombe anakula makapi, na malisho ya juu bado yamefungwa hadi Julai. Mvua yenyewe haikuja. Shayiri yetu mwaka huu unaweza kuikata ukiwa umekaa.

Hmad wangu anakusalimu. Tangu alipoanguka kwenye mti wa jozi akipukutisha kokwa zake, nyonga haijarudi. Anatembea na fimbo hadi mlangoni, anakaa, halafu anakasirika kwa kuwa amekaa. Usimwambie nimesema hivyo.

Yamna ana miaka minane. Kichwa chake kinanifika kifuani. Macho yake yanaona mbuzi ng'ambo ya bonde na kumjua ni wa nani. Anaamka kabla yangu, anambeba Bihi ili nipate kulala kidogo, na mimi najifanya sijaamka. Yuko darasa la pili. Anasoma kiberiti, anasoma karatasi ya sukari, anasoma kila kitu chenye herufi, hata gazeti lililobandikwa ukutani, hadi bibi yake anamwambia apumzishe ukuta. Mwalimu amesema akiendelea hivi atafaa shule ya kule chini. Nimemwambia ataendelea.

Lakini wewe, tangu lini unaniuliza kama mtoto anaamka mapema? Umekuwa mwalimu mkuu?

Tunakungoja.

Tuda


Marrakech, uwanjani, Ijumaa, 11 Juni 1993

Tuda,

Huu si mkono wa Lalla Ghizlan. Huu ni wa Mzee Allal, mwandishi wa barua anayekaa uwanjani chini ya mwavuli mweusi. Nimeaga nyumbani kwamba naenda kuoga hamamu, kwa hiyo nikimaliza hapa lazima nilowanishe nywele bombani kabla sijarudi. Mzee Allal anataka tuanze na "kwa masikitiko makubwa". Nimemwambia aandike ninavyosema.

Hawaji kuona maporomoko. Wanakuja kumwona Yamna.

Yale maswali ya macho na ya kuamka hayakuwa yangu. Mimi nilikuwa namenya maharage, wao wakauliza na wao wakaandika. Barua yako waliponisomea, Lalla Nuzha aliguna kwa furaha penye "anaamka kabla yangu". Umemsifia mwanao vizuri, mdogo wangu, ungejua kwa nani.

Lalla Ghizlan anahamia Casablanca kwa mumewe wiki ya tatu ya Julai, na mama yake hataki aende bila msichana wa kumshikia mtoto. Wakati wa Ramadhani Hmad alimpa Bla'id neno kwamba kwake yuko mmoja. Bla'id alilileta mlangoni, mimi mwenyewe nikamfungulia, nikamkaribisha maji.

Wewe hukumbuki, ulikuwa na miaka saba. Walikuja watu wa mjini kuona maji. Walikula mtoni, wakapanda hadi poromoko la kwanza, wakaja kwetu kunywa chai. Mama aliniita nimimine. Nilimimina nikiwa nimeinua birika juu kama wanavyomimina wakubwa, na sikumwaga hata tone. Yule mama wa mjini akasema, "Huyu ana mkono mtulivu." Jioni nilikuwa ndani ya gari lao. Shule ilipofunguliwa Tamzrit wewe ukaingia, mimi nilikuwa nasugua sakafu za watu. Ndiyo maana leo nakuandikia kwa mkono wa mzee nisiyemjua.

Sisemi wananipiga, hawanipigi. Lakini nina miaka ishirini na sita, na nguo zangu zinakaa kwenye kabati la mifagio.

Sikiliza sasa. Lalla Nuzha hanunui hata kuku bila kumshika kifua. Mtoto asipoonekana, hachukuliwi. Kuna mwanamke wa bonde jingine ameshaahidi wa kwake, na wakitukosa sisi watakwenda kwa huyo, maana hawana muda wa kuja mara ya pili. Ni siku moja tu. Siku hiyo Yamna asiwepo.

Chagua siku, mimi nitawachelewesha. Usinijibu nyumbani. Barua iandikie kwa Mzee Allal, mwenye mwavuli mweusi, upande wa wauza machungwa.

Ijja


Tamzrit, 19 Juni 1993

Dada,

Barua ya Mzee Allal imenifikia. Mwambie ana mwandiko mzuri, na ashukuriwe.

Nilimuuliza Hmad. Nilikuwa nakanda, yeye yuko mlangoni na fimbo yake.

"Ni kweli Yamna umemtoa?"

"Nani kakwambia?"

"Nimekuuliza mimi."

"Sijamtoa. Nimesema yupo. Watakuja wamwone."

"Wamwone kama nini?"

"Atakula nyama, Tuda. Atavaa viatu."

"Ana viatu."

"Vya mpira."

"Vya mpira si viatu?"

Halafu akasema, "Dada yako alikufa? Yuko hai, kanenepa." Nilitaka kumwambia dada yangu analowanisha nywele bombani ili apate kuniandikia barua, lakini nikaendelea kukanda. Baadaye akasema neno ambalo limenikaa, kwamba akikaa pale mlangoni anachofanya ni kutazama mikono yetu ikienda kwenye sahani. Sikumwonea hasira baada ya hapo. Lakini mtoto hatoki.

Sasa mpango. Baraza la vijiji limeshaamua, malisho ya juu yanafunguliwa Jumamosi, tarehe kumi na saba Julai. Siku hiyo unaijua mwenyewe, kijiji kinabaki na paka. Kila mwaka Yamna hubaki chini na mimi kunishikia mtoto. Mwaka huu atapanda na bibi yake na ng'ombe. Huko juu hakuna gari, hakuna kivuli, hata punda hupumzika njiani mara kadhaa, na Lalla Nuzha si mtu wa kupanda huko kwa ajili ya mtoto wa dirhamu mbili. Waje Jumapili ya tarehe kumi na nane. Watanikuta mimi, Hmad na Bihi. Watakunywa chai, watasifia ukuta, watarudi. Jumatano Ghizlan ataondoka bila wa kwetu.

Mama mkwe sijamwambia sababu. Ni mwema, lakini alijualo yeye mwanawe hulijua kabla chai haijapoa. Nimemwambia tu mtoto amekonda, anahitaji hewa na maziwa. Amefurahi hadi amemtafutia fimbo ya kuchungia.

Huyo msichana wa bonde jingine na yeye ana mama. Nimemfikiria nikichota maji, nimemfikiria nikipakata mtoto. Bado nasema hivyo hivyo.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, fupi. Hiyo itie posta, ifike nyumbani kwenu kama barua ya kawaida.

Tuda


Tamzrit, 19 Juni 1993

Dada Ijja, pamoja na Lalla Nuzha na wa nyumbani wote,

Karibuni sana. Naomba tu msije Juni. Theluji ya juu inayeyuka na maji ya mto ni ya ghafla, juzi yameondoka na meza mbili na nusura yaondoke na ngamia wa kupigia picha. Jumapili ya tarehe kumi na nane Julai mto utakuwa umetulia na cheri za mwisho zitakuwepo. Wote tupo wazima. Yamna anawasalimu.

Tuda


Marrakech, 29 Juni 1993

Tuda,

Lalla Nuzha amekubali tarehe kumi na nane. Si Anwar amepeleka gari kwa fundi. Tutaleta keki na kitambaa cha nguo kwa ajili yako. Hapa joto limezidi, na sote tunalisubiri hilo bonde.

Mimi nimefurahi kupita kiasi. Lalla Ghizlan ananiambia niandikishe kwamba nimevunja glasi mbili kwa furaha na kwamba mama yake hakufurahi kiasi hicho.

Ijja


Marrakech, uwanjani, Ijumaa, 23 Julai 1993

Tuda,

Mzee Allal ameniuliza kama nina uhakika nataka kuandika. Ninao.

Safari nzima nilikuwa nacheka. Kule mtoni nilimwekea Ghizlan miguu majini, nikamchunia ngozi ya kuku, nikamwimbia. Alisema hajawahi kuniona hivyo. Tulipopanda kwenu, Ghizlan akiwa juu ya punda wa kukodi, nikaona kijiji kitupu, milango imefungwa, nikasema moyoni, mdogo wangu ana akili kuliko sisi wote.

Kisha mtoto akatokea. Si kwamba alionekana kwa bahati mbaya, nyuma ya ukuta, mwenye vumbi usoni. Alikuja kwa njia ya katikati amevaa shali la bibi yake lenye mistari, mikono ina hina hadi vifundoni, amebeba bakuli la maziwa mbele yake kama watu wanavyomletea bibi harusi. Mtu anayemficha mtoto humpaka hina?

Nilikusikia ukisema haendi. Ulisema mara mbili. Lakini maneno niliyasikia na hina niliiona, na hina inachukua muda, Tuda, haipakwi kwa kushtukizwa. Nikajiambia, labda Hmad amemshinda mdogo wangu. Labda na yeye amechoka. Kama ulichoka ungeniambia. Ningekuelewa, sijui kama ningekusamehe, ila ningekuelewa. Usingenifanya nicheke njia nzima.

Nilimpakata hadi mjini. Alihesabu nyaya za umeme, alisoma vibao vyote vya barabarani kwa sauti. Tulipofika langoni aliniuliza, "Mama mkubwa, tunarudi saa ngapi?"

Jumatano wameondoka naye Casablanca. Sikuruhusiwa kwenda kituoni kwa sababu kulikuwa na zulia la kufua.

Nijibu au usinijibu.

Ijja


Tamzrit, 2 Agosti 1993

Dada,

Nakujibu.

Uliona kila kitu kuanzia hapo mlangoni. Ya kabla ya hapo hukuyaona, na mimi sikuyajua hadi nilipoelezwa.

Jumamosi walipanda kama nilivyokuandikia, kijiji kizima, ngoma, mbwa, majani ya juu, yaliyonyweshwa na theluji, yakiwa yamefika magotini mwa ng'ombe, wanasema haijawahi kuwa hivyo miaka mingi. Kwenye kibanda cha wachungaji mama mkwe akakaa, akafikiri. Ijja anakuja kesho na wakubwa wake. Tuda ana chai tu na siagi ya makapi. Malisho yamefunguliwa, sisi tuna maziwa, na wageni wa nyumba yetu wanywe majani ya nanaa? Watatuona watu gani?

Na wewe unajua ilivyo. Maziwa ya kwanza ya malisho yakipelekwa kwa mgeni hayabebwi na mtu mzima. Hubebwa na msichana wa nyumba, safi, mwenye hina. Mimi nilibeba mwaka ule kadhi alipotutembelea. Jumamosi hiyo jioni akampaka hina, akaifunga kwa vitambaa. Alfajiri akakamua, akaonja, akamvua punda mzigo wa kuni, akampandisha Yamna pamoja na mke wa jirani aliyekuwa anashuka kufuata chumvi. Akamwambia, "Ukifika kwenye ukuta wa kwanza shuka, uingie kwa miguu, na usimwage."

Alifanya hivyo kwa ajili yako, Ijja. Alitaka wakubwa wako wajue umetoka kwa watu.

Kama ningemwambia sababu, asingemtuma. Nilimficha ili asimwambie mwanawe. Hicho ndicho kilichotokea, hakuna kingine.

Mlikuwa mmeshasimama. Lalla Nuzha ameshavaa miwani ya jua, anamwambia Hmad kwamba basi, haikuandikwa, na Hmad anatazama chini. Mimi nilikuwa nakusanya glasi na mikono yangu ilikuwa mepesi. Ndipo nikasikia sauti yake nyuma yangu.

"Mama, hayajamwagika hata tone."

Lalla Nuzha akavua miwani. Akayapokea, akanywa, akampa Ghizlan akanywa. Akasema, "Huyu ana mkono mtulivu."

Mimi nilikutazama wewe na wewe ulitazama ukuta. Sasa najua kwa nini, wakati ule nilidhani umekubali. Nikasema haendi. Hmad hakupandisha sauti. Alitazama tu magunia ya shayiri pale pembeni, yamekunjwa, moja juu ya jingine. Nikasema tena haendi, na mara ya pili hata mimi nilisikia sauti yangu imekuwa ndogo. Nilipowafuata hadi barabarani, Yamna mwenyewe alikuwa ameshaingia kwenye gari, ameshika kioo, ananiambia, "Naenda na mama mkubwa, jioni nitarudi, Bihi asile keki yangu."

Keki yake iko juu ya rafu. Imekauka, lakini nimemkataza Bihi.

Mama mkwe atashuka vuli ikianza. Ametuma kuuliza wageni walisemaje kuhusu maziwa. Nimejibu walisema ni matamu. Ameuliza bakuli lake la mti liko wapi, la mama yake lile. Nimelifukia kwenye shayiri kidogo iliyobaki, na nimesema Yamna analo, atakuja nalo. Sitamwambia kamwe alichokifanya. Na wewe siku ukija usimwambie.

Fedha ya Yamna ya mwezi wake wa kwanza ililetwa na Bla'id, Hmad akaiweka chini ya mkeka na hadi leo hajaigusa. Ataigusa tu, najua. Na mimi nitaupika unga atakaoununua na nitaula, maana nanyonyesha.

Usiponiandikia tena nitaelewa. Ukiniandikia, niambie kama alilia.

Tuda


Casablanca, 25 Machi 1994

Tuda mpendwa,

Natumaini hamjambo huko kwenye hewa nzuri. Ni mimi Ghizlan, safari hii naandika kwa niaba yangu mwenyewe. Mtoto wangu ni wa kiume na ana miezi minne. Yamna anajitahidi. Analala karibu na kitanda chake na husikia akijigeuza kabla yangu. Kutengeneza kahawa ameshajua. Mwanzoni alikuwa akisoma magazeti ya mume wangu badala ya kuyapanga, lakini ameshaacha. Barua zako namsomea, zile fupi. Zile ndefu zinamfanya asile, kwa hiyo nimeona ni vyema uandike kwa ufupi, na si mara nyingi. Habari ya wewe kuja siku moja na Bihi nimeizungumza na mume wangu. Anaona isubiri, mtoto akishapata meno.

Sasa nina ombi. Mawifi zangu hapa wamechoka kusikia habari za lile bonde, maana kila mgeni akija namsimulia ule mchana, jinsi mlivyomleta mtoto na maziwa. Mama yangu husema hajaona watu wanaotoa kwa moyo mweupe namna ile. Wanataka kuja Aprili, siku moja tu, maporomoko na chakula cha mtoni, na chai kwenu. Mmoja wao anatafuta msichana wa kama Yamna, kama huko kwa majirani yuko. Tungependa mapokezi yawe yale yale, kama si usumbufu, maziwa na hina. Yamna atabaki nyumbani na mtoto kwa sababu gari limejaa.

Ijja nasikia hajambo. Mama anasema siku hizi anakwenda sana hamamu.

Ghizlan


Tamzrit, 6 Aprili 1994

Lalla Ghizlan,

Nimefurahi kusikia umejifungua salama. Mtoto wa miezi minne akilia jioni bila sababu, mlaze kifudifudi kwenye mapaja yako umsugue mgongo. Fanya wewe mwenyewe. Mkono wa mama anaujua.

Maporomoko yapo, hayajakwenda popote. Aprili maji ni mengi, mtalowa. Meza nzuri ni zile za mwisho.

Maziwa hayatakuwepo. Malisho ya juu yamefungwa, na maziwa yale hutoka siku moja tu katika mwaka. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyemtuma Yamna, yu mgonjwa tangu baridi. Kila akisikia gari kule barabarani ananiambia nimtoe nje akaone kama bakuli lake limekuja. Hina nayo imekwisha. Mkija nitawapa mkate na chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni, na mlango wangu sitaufunga.

Kuhusu msichana kwa majirani. Wapo watano wa umri huo. Tangu mlipoondoka mama zao wananiletea jioni niwafundishe kusoma kidogo, na tukimaliza tunajifunza kumimina chai. Nimewafundisha kwa bidii majira yote ya baridi. Mawifi zako watajionea wenyewe, mmoja mmoja atamimina. Waambie wasivae nguo nyeupe. Watoto wa hapa, sijui ni baridi, sijui ni nini, hakuna hata mmoja mwenye mkono mtulivu.

Umeniambia niandike kwa ufupi. Basi msomee Yamna mstari huu mmoja.

Mama anasema, ukimwaga si kitu.

Tuda